Kibaka Aliyekataa Kutia Sahihi

Watu wa mjini waliokulia katika kumbi za sinema wana sheria yao moja ambayo haikuandikwa popote: stelingi hafi. Picha ikianza tu, mtazamaji anauliza nani stelingi na nani adui, na akishajibiwa anakaa kwa raha zake. Risasi zitapigwa, magari yatapinduka, nyumba zitaungua, lakini stelingi atafika mwisho akiwa hai, na adui atapata haki yake.

Kuna aina moja ya picha, hata hivyo, ambayo imeivuruga sheria hiyo tangu miaka ya 1930, nayo ni picha ya majambazi. Humo adui ndiye stelingi. Tunamfuata mwizi kuanzia dakika ya kwanza, tunajua kwamba mwisho wake ni kaburi au jela, na bado tunamwombea apone. Kwa sababu hiyo picha ya namna hii hutegemea mno mwigizaji wake mkuu. Ukimkosa mtu wa kuifanya roho ya mwizi ionekane, unabaki na bastola na kofia tu.

Wiki hii, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya picha moja ya majambazi ambayo hadithi yake si ya Chicago wala New York, bali ni ya Soweto na Johannesburg, wakati serikali ya makaburu ikiwa bado madarakani. Inaitwa Mapantsula. Ilitoka mwaka 1988, ikaongozwa na Oliver Schmitz, Mzungu aliyezaliwa Cape Town, na ikabebwa mabegani na mtu mmoja aitwaye Thomas Mogotlane. Mogotlane ndiye aliyeigiza kibaka anayeitwa Panic, na ndiye aliyeandika hadithi yake akishirikiana na Schmitz. Naileta katika mazungumzo ya historia kwa sababu mbili. Namna picha hiyo ilivyopenya mikononi mwa serikali ni kisa cha historia. Na alichokifanya Mogotlane mbele ya kamera kinatueleza jambo juu ya utawala wa kibaguzi ambalo hotuba nyingi zimeshindwa kulieleza.

Lakini ili tuelewe, turudi nyuma kidogo.

Miaka ya 1940 na 1950, upande wa magharibi wa Johannesburg, kulikuwa na kitongoji kilichoitwa Sophiatown. Kilikuwa mahali pa nadra ambapo Mwafrika aliweza kumiliki kiwanja mjini. Palikuwa na waandishi wa habari, wanamuziki, walimu na wauza pombe za magendo, na palikuwa na magenge. Genge moja lilijiita Americans, nalo lilisifika kwa mavazi ya Kimarekani na kwa kuiba mizigo ya reli. Jingine lilijiita Berliners, jingine Vultures. Vijana hao walijifunza ujambazi mitaani, ila mwendo wa jambazi, kofia yake na jinsi anavyosimama mlangoni walijifunza sinema.

Picha iliyowakolea zaidi ilikuwa The Street with No Name ya mwaka 1948. Waliotengeneza picha hiyo Marekani walitaka kuwasifu makachero wa FBI. Sophiatown hawakuwa na haja na makachero. Macho yao yote yalikuwa kwa Richard Widmark, aliyeigiza mkuu wa genge aitwaye Stiles. Vijana walivaa koti refu la mkanda kama lake, wakatafuna tufaha kama yeye, na kila jambazi alipotokea kwenye pazia ukumbi mzima ukamshangilia. Tusiwacheke. Kwa kijana aliyekamatwa kila siku kwa sababu ya pasi, polisi hakuwa mlinzi wa mtu. Mtu aliyekuwa akiwadhihaki polisi, hata akiwa mwongo na muuaji, alionekana kuwa na kitu ambacho yeye alinyimwa, yaani uwezo wa kutembea mjini bila kuinamisha kichwa.

Mwaka 1949 ikatoka African Jim, picha ndefu iliyochezwa karibu yote na Waafrika wenyewe, na ikamtoa binti mmoja mwimbaji aliyeitwa Dolly Rathebe. Naomba mlikumbuke jina hilo, maana tutarudi kwake. Miaka sita baadaye, tarehe 9 Februari 1955, malori na askari waliingia Sophiatown kuanza kuwahamisha watu. Nyumba zilibomolewa, wenyeji wakapelekwa Meadowlands katika eneo la Soweto, na mahali pao pakajengwa mtaa wa Wazungu ukapewa jina la Triomf, yaani ushindi. Jina la Sophiatown lilirudishwa rasmi mwaka 2006.

Basi kizazi kilichokulia Soweto kilirithi mtindo wa majambazi bila kuurithi mtaa wenyewe. Miongoni mwao walikuwako wale walioitwa mapantsula: vijana wa viatu vya bei ghali na suruali zilizopigwa pasi ikakaa, waliozungumza lugha ya mitaani inayochanganya Kizulu, Kisotho, Kiafrikana na Kiingereza. Si kila pantsula alikuwa mwizi. Ila kila pantsula alikuwa mtu wa kutazamwa, na kutazamwa ni mali kwa mtu ambaye sheria ya nchi inamhesabu kuwa si kitu.

Serikali nayo haikulala. Kuanzia miaka ya 1970 ilitoa ruzuku kwa filamu za lugha za Kiafrika zilizokusudiwa watazamaji weusi. Waliotengeneza wengi wao walikuwa Wazungu, na picha zenyewe nyingi zilikuwa za vichekesho, ndondi na kukimbizana na wezi. Mwafrika aliruhusiwa kucheka, aliruhusiwa hata kuwa jambazi, ilimradi asiulize kwa nini nyumba yake haina umeme na kwa nini anayemtoza kodi hakuchaguliwa na yeye.

Hapo ndipo Schmitz na Mogotlane walipoona mlango. Kama serikali imezoea picha za majambazi weusi na haina shaka nazo, basi wao wataleta picha ya jambazi mweusi. Palikuwa na miswada miwili. Ule uliofaa kuonwa na wakubwa ulikuwa hadithi ya kawaida ya mwizi wa Soweto. Mswada wa kweli ulikuwa na mgomo wa kodi, chama cha wafanyakazi, maandamano, na chumba cha mahojiano cha polisi. Wakapiga picha zao huku nchi nzima ikiwa chini ya hali ya hatari.

Hali ya hatari si maneno ya mapambo, ndugu msikilizaji. Tarehe 3 Septemba 1984 kodi za nyumba zilipandishwa katika vitongoji vya eneo la Vaal, kusini mwa Johannesburg, na siku hiyo hiyo watu wakainuka. Huko Sharpeville naibu meya aliuawa na umati. Watu sita walishtakiwa, na Desemba 1985 wakahukumiwa kunyongwa. Mahakama haikuhitaji kuthibitisha kwamba kila mmoja wao alitenda jambo lililosababisha kifo kile. Ilitosha kwamba walikuwamo katika umati na walikuwa na nia moja nao. Dunia ikapiga kelele, na Novemba 1988 hukumu ya kifo ikabadilishwa kuwa kifungo.

Sisi wa Tanzania tunayo sababu yetu ya kuielewa sheria hiyo ya nia moja. Pale Mazimbu, Morogoro, wapigania uhuru wa ANC walipewa ardhi wakajenga shule iliyopokea vijana waliokimbia baada ya machafuko ya Soweto ya mwaka 1976. Shule hiyo ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Si yeye aliyefyatua risasi zilizoua katika kisa kilichompeleka mahakamani. Alihukumiwa kwa nia moja na mwenzake. Leo kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine iliyoko pale bado ina jina lake, na wanafunzi hupita chini ya jina hilo kila siku.

Kwa hiyo katika nchi ile kuonekana tu katika umati kuliweza kuwa kitanzi. Na maelezo yaliyotiwa sahihi na mtu mmoja ndani ya chumba cha polisi yaliweza kumpeleka mwingine kwenye kitanzi hicho. Ndiyo maana sahihi zilitafutwa kwa nguvu. Katika jengo la polisi la John Vorster Square, mjini Johannesburg, Ahmed Timol alianguka kutoka ghorofa ya 10 mwezi Oktoba 1971, na polisi wakasema amejiua. Ilibidi kungoja hadi Oktoba 2017 kwa jaji kutamka kwamba alisukumwa. Miaka 46 familia yake ilibeba uwongo huo.

Sasa tumtazame Panic.

Picha inasimuliwa kwa zamu mbili. Zamu moja ni ya sasa: Panic yuko kizuizini, amechanganywa katika seli na wanaharakati wa siasa. Zamu ya pili ni ya siku zilizotangulia, inayotuonyesha alivyofika humo. Seli ile ni mtihani wa kwanza wa mwigizaji. Wenzake wanaimba, wanajadiliana, wanapeana moyo. Yeye hana wimbo wa kuimba nao. Mogotlane angeweza kumfanya Panic aonekane ameguswa mapema, ili tumpende. Hakufanya hivyo. Amemfanya awe kero: mtu mwenye kiburi, anayejitafutia unafuu wake, anayewatazama wanasiasa kama watu waliojitafutia balaa wenyewe. Nao wanamshuku. Na kushukiwa wakati huo kulikuwa hatari, maana katika vitongoji mwaka 1985 na 1986 mtu aliyeitwa impimpi, yaani shushushu wa polisi, aliweza kuvishwa tairi la petroli shingoni akachomwa.

Mjini tunamwona akifanya kazi yake. Anachomoa pochi ya Mzungu barabarani, na mwenye mali anapogeuka, kisu kinatoka. Tazama mwili wa Mogotlane hapo. Mabega yanapanda, kidevu kinatangulia, na kwa sekunde chache Panic ni mkubwa kuliko jiji zima. Ni mwendo ule ule wa wazee wa Sophiatown na koti zao za Widmark. Kisha anakimbia, na ukubwa wote unamwishia. Ushindi wake hauna urefu zaidi ya kona moja ya barabara.

Mpenzi wake, Pat, ni mtumishi katika nyumba ya Wazungu, naye ameigizwa na Thembi Mtshali. Panic anamfuata kazini, mama mwenye nyumba anamfukuza, naye kwa hasira anavunja kioo kwa jiwe. Hapa ningependa tukae kidogo, maana mwigizaji wa kawaida angeligeuza jiwe lile kuwa tendo la ukombozi, na watazamaji wangepiga makofi. Mogotlane analitupa kama mtoto aliyenyimwa. Na anayelipa gharama si yule mama wa Kizungu, ni Pat, anayefukuzwa kazi bila haki yoyote. Hasira ya Panic ina sababu, lakini haina mwelekeo, na jiwe lake limemwangukia mtu wa kwao. Sijaona darasa la siasa lililolieleza jambo hilo kwa ufupi namna hiyo.

Pat anakwenda chama cha wafanyakazi kudai haki yake, na huko anakutana na Duma, mwanaharakati mtulivu. Polepole anamwacha Panic. Kwa hiyo harakati za ukombozi zinapoingia katika maisha ya kibaka huyu, haziji kama nuru. Zinakuja kumnyang'anya mpenzi wake. Ana kila sababu ya kuzichukia.

Nyumbani anakopanga, mama mwenye nyumba ni Ma Modise. Ni mama wa makamo asiye na makuu, anayesimama mbele ya wakubwa wa kitongoji kusema kwamba kodi imewashinda watu, na ambaye mwanawe Sam anakamatwa. Aliyeigiza Ma Modise ni Dolly Rathebe, binti yule yule wa mwaka 1949. Wale waliomwona ujanani akiimba katika picha ya furaha walimwona sasa akiwa mama anayemtafuta mtoto wake kwa polisi. Sura yake peke yake ilikuwa na historia ya miaka 40, na haikuhitaji kuelezwa.

Mbele ya Ma Modise ndipo ugumu wa Panic unapoanza kupata nyufa, na Mogotlane anazionyesha kwa kiasi kidogo sana. Hapewi hotuba. Hatubu. Ni jinsi anavyotazama chini mama yule anapouliza habari za mwanawe, jinsi maneno ya mzaha yanavyomwishia mdomoni. Kibaka huyu amezoea kuchukua cha watu bila kuwatazama usoni, na sasa kuna uso mmoja ambao hawezi kuukwepa.

Tufike chumba cha mahojiano. Kachero aitwaye Stander, aliyeigizwa na Marcel van Heerden, anamwona Panic kuwa kazi rahisi. Wanasiasa wana imani inayowashikilia; mwizi ana nini? Mtu aliyejiuza kwa pochi na viatu bei yake inajulikana. Stander anataka sahihi moja kwenye karatasi itakayomtia Duma hatiani. Anamwonyesha Panic mkanda wa video wa maandamano, na ndani ya umati Panic anajiona mwenyewe. Kumbuka watu sita wa Sharpeville, ndugu msikilizaji. Kujiona ndani ya umati ule kulikuwa na maana gani mwaka 1988, kila mtazamaji wa Soweto alijua.

Ukipima kwa mizani ya Panic mwenyewe, hesabu ni nyepesi. Atie sahihi, ajiokoe, na papo hapo amwondoe mtu aliyemchukulia Pat. Kwa saa nzima na zaidi Mogotlane ametuthibitishia kwamba huyu ni mtu anayejifikiria yeye tu, na hakutuachia hata dalili moja ya kutufariji. Ndiyo maana anapojibu, kwa neno moja tu la kukataa, neno hilo linagonga kama mlango wa chuma. Picha inaishia hapo. Hatuonyeshwi watakachomfanyia. Hatuhitaji kuonyeshwa.

Hili ndilo ninalotaka tulibebe leo. Kama Panic angekuwa shujaa tangu mwanzo, kukataa kwake kusingetufundisha kitu. Mashujaa hukataa, ndiyo kazi yao. Mogotlane alilinda ubaya wa mtu wake hadi dakika ya mwisho, na kwa kufanya hivyo ametuonyesha utawala ule ulivyokuwa ukianguka. Haukuangushwa na viongozi waliokuwa Robben Island na Lusaka peke yao. Ulianza kuanguka pia pale ambapo mtu ambaye polisi walikuwa na hakika wanaye, mtu wa bei rahisi, alipokataa kununuliwa. Dola ya namna ile inaishi kwa mashushushu, kwa sahihi za kulazimishwa, kwa mtu mmoja kumwuza jirani yake ili alale salama. Siku vibaka wake wanapoanza kukataa, inabaki na nguvu tu, na nguvu peke yake haitawali milele.

Wakubwa walielewa wakiwa wamechelewa. Mapantsula ilikuwa imekwisha kwenda kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, nchini Ufaransa, mwaka huo huo wa 1988. Nyumbani ilikatazwa kuonyeshwa katika kumbi za sinema, ila watu waliweza kuitazama kwenye video. Nadhani kuna mantiki ya woga hapo. Mtu mmoja sebuleni kwake hana madhara makubwa. Mamia ya watu gizani, wakisikia pamoja lile neno la mwisho la Panic, hao ni umati, na umati ulikuwa ndio jinamizi la serikali. Hata hivyo kanda ya video ina miguu. Ilipita nyumba hadi nyumba, na kibaka yule akawafikia wale aliokusudiwa.

Oliver Schmitz aliendelea na kazi, na mwaka 2000 alirudi kwa majambazi wa Johannesburg katika Hijack Stories, baada ya uchaguzi wa 1994 kubadilisha nchi. Jina la Thomas Mogotlane halikuenea duniani kama majina ya waigizaji wa Marekani, wala hakuna kijana wa mitaani kwetu anayevaa kofia kwa kumwiga. Wapenda sinema watakutajia majambazi wa kuigizwa kumi kabla ya kumfikia Panic. Mimi namweka juu kabisa, kwa sababu majambazi wengine wa sinema wanatuonyesha mtu akipanda hadi kileleni kisha akiporomoka. Panic hakuwahi kupanda popote. Alikuwa chini mwanzo hadi mwisho, na humo chini akasimama.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kumbe hata kibaka aweza kuwa na akiba ya utu ambayo mwenyewe hajui anayo, mpaka siku atakapoletewa kalamu na kuambiwa atie sahihi.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.